Nguvu Ipi? Uhakiki wa Lugha ya Kukokotoa Utendaji na Ufanisi wa Injini katika Karakana za Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumiwa kueleza na kukokotoa utendaji na ufanisi wa injini za mwako wa ndani, kwa kurejelea mazingira ya karakana za Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda. Badala ya kuziorodhesha istilahi, makala yanazipima kwa kuziingiza katika hesabu kamili ya injini moja. Yanaonesha kwamba Kiswahili cha gereji hutenganisha dhana ambazo neno "nguvu" huzichanganya, na kwamba neno "ufanisi" lingali na maana yake ya zamani inayoizuia maana ya uwiano. Hoja kuu ni kwamba pengo lililopo si la maneno bali la hesabu zilizoandikwa kwa Kiswahili kuanzia kipimo hadi jibu.

1. Utangulizi

Jinja na Mbale, Kiswahili hakikuingia kwanza kwa mlango wa shule. Kiliingia kwa reli, kwa kambi ya jeshi na kwa barabara ya malori yatokayo Mombasa. Batalioni ya nne ya King's African Rifles, iliyokuwa na kambi yake Jinja, ilitumia Kiswahili katika amri na mafunzo. Hadi leo dereva wa masafa marefu aliyevuka mpaka wa Malaba au Busia, akiharibikiwa njiani, hutarajia kuelewana kwa Kiswahili na fundi atakayemkuta. Kwa hiyo Katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005 na kukitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwezi Julai 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, karakana za mashariki zilikuwa na Kiswahili chao tayari, kilichochanganyika na Lusoga, Lumasaba, Luganda na Kiingereza.

Mwanagenzi wa umakanika husoma nadharia ya injini kwa Kiingereza na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha huingia karakana ambamo injini huzungumziwa kwa mchanganyiko huo. Kiswahili sanifu cha sayansi humjia kutoka upande wa tatu, yaani kamusi za fani kama vile Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Swali la uhakiki huu ni iwapo lugha hiyo ya tatu inamsaidia kukokotoa, au inampa jina jingine la jambo ambalo bado hajalielewa. Swali lenyewe lina bei. Mwenye mashine ya posho kijijini Busoga au kwenye miteremko ya Mlima Elgon hununua dizeli kwa fedha zake. Fundi akimwambia kwamba injini "haina nguvu", atalipia matengenezo, na matengenezo hayo hutegemea ni nguvu ipi iliyopungua.

2. "Nguvu" na wenzake

Istilahi za msingi za fizikia ya Kiswahili zimekwisha kupata makao. "Kani" imesimama mahali pake, "nishati" vilevile, na "kazi" imekubali kubanwa ndani ya maana ya kisayansi bila kulalamika sana. Neno "kanieneo" linastahili sifa ya pekee. Mwanafunzi aliyesahau mlinganyo wa shinikizo hulitazama jina lenyewe akaona kani, akaona eneo, na akabakiwa na swali moja tu la kipi kinagawanywa kwa kipi. Gereji husema "presha", neno ambalo pia hutaja ugonjwa wa mzazi wa fundi, na halina hesabu yoyote ndani yake.

Kwa "nguvu" mambo ni tofauti. Katika usemi wa kila siku neno hili hubeba misuli, afya, mamlaka na hata umeme. Likiingia katika maelezo ya injini huweza kumaanisha kani inayosukuma pistoni, au torki kwenye shafti, au kasi ya kufanya kazi inayopimwa kwa wati. Vitu hivi vitatu havina kizio kimoja. Kani hupimwa kwa nyutoni, torki kwa nyutoni-mita, na kasi ya kufanya kazi kwa jouli katika kila sekunde. Kuviita vyote "nguvu" ni sawa na kumwambia mnunuzi sokoni kwamba kilo, mita na saa ni "vipimo" na kumwachia achague.

Jambo la kushangaza ni kwamba gereji, inayolaumiwa kwa kuvuruga lugha, imeutunza mgawanyo ambao maandishi yameupoteza. Fundi husema injini "inavuta" anapotaka kusema kwamba ikiwa na mzigo, kwa mizunguko michache, haizimiki wala haiombi gia ya chini. Husema "inakimbia" anapozungumzia tambarare na mwendo wa juu. Husema "imechoka" pale ringi zinapopitisha mgandamizo, na "inakunywa" pale mafuta yanapoisha mapema kuliko ilivyozoeleka. Teksi ya abiria 14 iliyotoka Mbale kupanda Sipi hadi Kapchorwa inaweza kuvuta vizuri lakini isikimbie, au ikakimbia vizuri Tirinyi na kushindwa kilimani. Fundi aliyesema hivyo ametofautisha torki na nguvu kwa usahihi ambao mwalimu wa nadharia angeuonea fahari.

Hata hivyo si kila neno la gereji linaweza kupandishwa hadhi likawa istilahi. "Mvuto" lingekuwa jina zuri la torki kama fizikia isingelitumia tayari kwa graviti. "Kupumua" kungefaa kueleza jinsi silinda inavyojaza hewa, lakini gerejini injini "inayopumua" ni mgonjwa: gesi za mwako zinapita kandokando ya pistoni na kutokea kwenye mdomo wa oili. Mtungaji wa istilahi asiyeijua maana hiyo angempa mwanagenzi sifa njema kwa jina la kasoro. Kwa sababu hizo, uamuzi unaotetewa hapa ni wa kawaida kabisa: "kani" ibaki kani, "torki" ikubaliwe kama ilivyo, na "nguvu", katika maandishi ya ufundi peke yake, ifungwe kwenye maana ya kazi inayofanywa katika kila sekunde. Msemo "nguvu za farasi" umekwisha kuitengenezea njia maana hiyo. (Punda wanaobeba mahindi Kapchorwa wangekuwa kielelezo cha karibu zaidi, lakini kizio hicho kilizaliwa kwingine.)

3. Hesabu ya mashine ya posho

Istilahi hupimwa inapofanya kazi pamoja na nyingine. Kamusi hupanga maneno kwa alfabeti, kwa hiyo "kani" na "torki" hukaa kurasa nyingi mbalimbali, ilhali katika injini ya pili hutokana na ya kwanza. Hapa ichukuliwe injini ambayo wasagaji wa Afrika Mashariki wameizoea: Lister ya aina ya CS 6/1, ya silinda moja na mapigo manne. Jamii ya CS ilianza kutengenezwa Dursley, Uingereza, mwaka 1929, na baadaye ikanakiliwa kwa wingi India. Silinda yake ina kipenyo cha sentimita 11.43, na urefu wa pigo ni sentimita 13.97. Mtengenezaji aliitaja kuwa na nguvu za farasi 6 kwa mizunguko 650 katika dakika.

Ujazo unaofagiwa na pistoni ni eneo la duara la silinda likizidishwa kwa urefu wa pigo, yaani karibu sentimita za ujazo 1,433. Hatua hii haina ugumu wa lugha. Ugumu huanza pale mwanagenzi anapotaka kuthibitisha kwamba injini iliyo mbele yake, iliyosaga kwa miaka mingi, bado inatoa zile nguvu za farasi 6. Jaribio hilo halihitaji maabara. Mfaransa Gaspard de Prony alibuni breki ya kupimia nguvu ya mitambo mwaka 1821, na sura yake nyepesi ni kamba iliyozungushwa kwenye gurudumu zito la injini, upande mmoja ukining'inia mawe ya mizani na upande mwingine ukifungwa kwenye mizani ya springi. Injini huzungushwa hadi kasi yake ya kawaida huku mzigo ukiongezwa, na maji yakimwagwa ili kamba isiungue.

Ichukuliwe kwamba nusu-kipenyo cha gurudumu, pamoja na nusu ya unene wa kamba, ni sentimita 30, na kwamba tofauti kati ya mzigo na kipimo cha springi ni kilo 22.3. Kilo ni tungamo, na mizani ya sokoni husomwa kwa kilo, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuzidisha kwa 9.81 ili kupata kani, nayo ni karibu nyutoni 219. Kani hiyo ikizidishwa kwa mita 0.3 hutoa torki ya nyutoni-mita 65.7 hivi. Mizunguko 650 katika dakika ni radiani 68 katika sekunde, na torki ikizidishwa kwa idadi hiyo hutoa nguvu ya kilowati 4.47. Farasi sita wa Kiingereza wamepatikana.

Aya iliyotangulia haina neno lolote la kigeni lisiloeleweka, na haina neno "nguvu" hadi mstari wa mwisho, mahali pake halali. Lau "nguvu" ingetumiwa kwa kipimo cha kamba, kisha kwa mzunguko wa gurudumu, kisha kwa jibu, msomaji angeona nguvu ikizidishwa ikawa nguvu, ikazidishwa tena ikawa nguvu. Hapo ndipo mwanafunzi hukariri.

Hesabu inaweza kuendelea ndani ya silinda. Injini ya mapigo manne hufanya kazi mara moja katika kila mizunguko miwili, yaani mara 5.4 katika sekunde. Kila pigo la kazi basi hutoa karibu jouli 825, na jouli hizo zikigawanywa kwa ujazo wa silinda hutoa kanieneo ya wastani ya kilopaskali 576. Tarakimu hiyo ina faida kubwa kwa fundi kwa kuwa haitegemei ukubwa wa injini. Huiweka Lister kubwa ya kijijini na injini ndogo ya pikipiki kwenye mizani moja, na kuonesha ni ipi inayokitumia vyema kila kijiko cha nafasi yake.

4. Kikwazo cha "kwa"

Wahakiki wa istilahi huchunguza nomino na kusahau viunganishi. Katika lugha ya hesabu ya Kiswahili neno lenye kazi ngumu kuliko yote ni "kwa". Huzidisha, hugawanya, hutaja chombo na hutaja kiwango. "Sentimita 30 kwa 40" ni vipimo vya pande mbili, "lita 1.6 kwa saa" ni kiwango, "pima kwa mizani" ni chombo. Msikilizaji hupambanua kwa muktadha, na kwa kawaida hapotei.

Hupotea kwenye kilowati. Husikika, na wakati mwingine huandikwa, kwamba matumizi ya umeme ni "kilowati kadhaa kwa saa". Maana yake halisi ni kilowati zilizogawanywa kwa saa, jambo ambalo mita ya umeme haipimi. Mita hupima kilowati zilizozidishwa kwa saa. Mji wa Jinja, wenye bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, ungetarajiwa kuwa wa mwisho kuteleza hapa, lakini utelezi haumo katika elimu ya umeme. Umo katika sarufi. Tiba ni ndogo: kizio cha zao kiunganishwe kwa kistari, "kilowati-saa", na "kwa" iachiwe mgawanyo.

Umuhimu wa kistari hicho huonekana katika kipimo kinachofaa kuliko vyote kwa mwenye mashine, yaani matumizi mahususi ya mafuta. Ichukuliwe kwamba Lister iliyopimwa hapo juu inatumia lita 1.6 za dizeli kwa saa. Lita moja ina tungamo la karibu kilo 0.84, hivyo gramu 1,344 zimetoa kilowati-saa 4.47 za kazi. Jibu ni karibu gramu 300 kwa kilowati-saa. Anayeandika "gramu 300 kwa kilowati kwa saa" ameandika sentensi yenye migawanyo miwili na jibu lisilo na maana, ingawa kila neno lake ni sahihi.

5. Ufanisi wa nini?

"Ufanisi" ni neno zuri lenye historia inayolisumbua. Limetokana na "fana", na katika matumizi ya zamani lilitaja kustawi, neema na kufanikiwa kwa jambo. Sherehe iliyofana ni sherehe iliyopendeza; haiulizwi imepokea nini na kutoa nini. Sayansi imelichukua neno hili na kulidai litaje uwiano: kinachotoka kikigawanywa kwa kilichoingia. Dizeli ina takribani megajouli 36 katika lita. Lita 1.6 kwa saa ni kilowati 16 zinazoingia kwenye injini; zinazotoka kwenye shafti ni 4.47, ufanisi wa joto ni asilimia 28. Injini ya Rudolf Diesel iliyojaribiwa Augsburg mwaka 1897 ilipata takribani asilimia 26, na iliushangaza ulimwengu wa mitambo ya mvuke.

Mtu asiyezoea uwiano huo husikia asilimia 28 kama alama za mtihani na kudhani injini imefeli. Hapa maana ya zamani inamdanganya: anatarajia kufana, anaoneshwa kupoteza. Kwa hiyo kila maelezo ya ufanisi wa injini yanapaswa kusema zile asilimia 72 zimekwenda wapi: kwenye bomba la moshi, kwenye maji ya kupoozea, kwenye msuguano. Bila maelezo hayo neno limetafsiriwa na dhana imebaki mpakani.

Gereji nayo ina kosa lake, na ni haki lisemwe kwa uzito uleule. "Inakunywa" ni kipimo cha kilichoingia peke yake. Ichukuliwe kwamba lori lenye shehena ya tani 28 linatumia lita 50 kwa kilomita 100, na teksi yenye abiria 14, ambao kwa pamoja hawafiki tani moja, inatumia lita 10 kwa umbali uleule. Kwa lugha ya gereji lori ni mlevi. Kwa hesabu, lori limetumia lita 1.8 kwa kila tani ya shehena, na teksi imetumia zaidi ya 10. Kiswahili cha karakana kina vitenzi makini vya kuelezea pande zote mbili za uwiano, "kunywa" na "kuvuta", lakini hakina desturi ya kuviweka kimoja juu ya kingine na kugawanya. Desturi hiyo hujengwa kwa mifano iliyokokotolewa, na mifano hiyo ndiyo iliyo adimu.

Ufanisi wa ujazo, yaani kiasi cha hewa kilichoingia kikilinganishwa na ambacho silinda ingeweza kukichukua, hauwezi kufafanuliwa Mbale kama unavyofafanuliwa Mombasa bila tahadhari. Mbale na Jinja ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni karibu kilopaskali 88, ilhali pwani ni 101, hivyo kwa halijoto ileile silinda moja huvuta hewa yenye tungamo pungufu kwa asilimia 13 hivi. Anayekokotoa ufanisi wa ujazo kwa kutumia hewa ya pwani ataihukumu vali isiyo na kosa. Kapchorwa, kwenye mita 1,800 hivi, hukumu itakuwa kali zaidi.

Nguvu ya injini ya dizeli si lazima ishuke kwa kiwango hicho chote, maana huingiza hewa zaidi ya inayohitajika kuunguza mafuta yake. Lakini akiba hiyo ya hewa imepungua, na hapo ndipo maneno yanapogeuka fedha. Msagaji analalamika kwamba mashine "haina nguvu". Fundi asiye na breki ya kamba wala hesabu ya hewa hulitafsiri neno hilo kwa njia ya karibu zaidi na kufungua pampu ili dizeli iongezeke. Kwa siku chache mashine huvuta, kisha moshi mweusi huanza, kwa kuwa mafuta yaliyoongezwa hayapati hewa ya kuyaunguza. Kilichoingia kimeongezeka, kilichotoka kimeongezeka kidogo tu, na uwiano umeshuka. Msagaji sasa husema mashine "inakunywa", na hurudi kwa fundi yuleyule na malalamiko ya pili, ambayo ni tokeo la tiba ya yale ya kwanza. Kipimo cha kilo 22 kwenye kamba, kikilinganishwa na kile ambacho hewa ya Mbale inaruhusu, kingeonesha kabla ya pampu kuguswa iwapo injini imechoka kweli au iko tu juu mlimani.